Projekta, Flashi na Mzee Aliyekataa Kuzeeka

Ujumbe ulichomoza pembeni mwa picha niliyokuwa naionyesha kwa projekta wakati mchungaji akisoma majina ya waliochanga. Ulitoka kwa mweka hazina wa chama chetu cha kuchangiana pesa: "Dada, mchango wa Januari na wa Februari bado hatujauona. Utatuma au tuje nyumbani?" Kwenye laptopu maandishi hayo yangekuwa madogo kama sisimizi. Kwenye ukuta wa kanisa, kwa upana wa mita tatu, kila herufi ilitosha kiganja. Ilikuwa harambee ya kununua viti, huku mtaa wa Umoja, Nairobi, Jumapili mchana, watu wamejaa hadi mlangoni. Kabla sijaifikia laptopu walikuwa wameshausoma, na wengine wameshaanza kunihurumia. Ibada ilipokwisha mzee mmoja alinipa mkono, na mkononi mwake mlikuwa na noti ya shilingi 200. "Anza na hizi," akaniambia.

Mimi hukodisha projekta. Harambee, harusi, mikutano ya matanga, makesha, semina za vijana, popote penye ukuta mweupe au shuka safi. Mtaani wengi hawalijui jina langu, mimi ni dada wa projekta. Wakati huo nilikuwa na projekta moja ya mtumba niliyoinunua Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki, na laptopu iliyonigharimu kuliko projekta yenyewe. Muuzaji alinionyesha tundu la USB mgongoni mwa mashine akasema, "Hii, dada, hata bila laptopu inaonyesha." Nikamwambia apunguze bei, aache hadithi.

Mgongo wa projekta ile ulikuwa kama jumba la makumbusho. Kulikuwa na tundu la picha la VGA, la pini 15, ufundi wa mwaka 1987, ambayo bado utaikuta kwenye kumbi nyingi za mji huu. Kando yake HDMI, tundu la kisasa la picha na sauti. Kisha USB ya mraba kama ile ya printa, na USB bapa, ile ya kuchomekea flashi. Mimi nilitumia HDMI peke yake. Mengine niliyaziba kwa selotepu yasiingie vumbi, na ile aibu ya Umoja haikutosha kunifanya niibandue. Nilizima tu jumbe za WhatsApp kwenye laptopu nikaendelea.

Kilichonibandulia selotepu ni mwizi. Nilipanda matatu ya Jogoo Road asubuhi, begi nimelilaza miguuni, jamaa wa kiti cha pili akawa ananiuliza habari za njia kana kwamba amewasili Nairobi jana. Nilishuka Muthurwa begi likiwa na uzito uleule. Kufika ofisini kwa mteja nikafungua: kipande cha mbao kimefungwa gazeti, kimekaa vizuri mahali pa laptopu. Niseme ukweli, kazi ile ilikuwa safi. Hata zipu alikuwa ameifunga.

Nilibaki na projekta, kazi tatu ambazo nilikuwa nimeshapokea malipo ya kwanza, na pesa za malipo hayo nilikuwa nimelipa kodi ya nyumba. Usiku ule nikachukua kisu nikakwangua selotepu.

Flashi ya kwanza niliyochomeka haikusomeka. Taa ya flashi ikawaka, projekta ikafikiri, kisha ikaandika kwamba hakuna kitu. Nilidhani muuzaji wa Luthuli amenila. Kesho yake kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, chini ya ploti yetu aliitazama sekunde mbili tu. "Dada, hii imefomatiwa NTFS. Hiyo ni lugha ya Windows. Projekta yako ni mzee, mpe lugha ya zamani, FAT32." Akaifomati bure, akaniambia jambo moja la kukumbuka: katika FAT32 faili moja haiwezi kufika GB 4. Flashi inaweza kuwa na nafasi tele, lakini filamu ndefu ya picha safi sana itakataa kuingia, na kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno, wewe ubaki unashangaa nafasi yote ile ni ya nani.

Kazi ya kwanza kati ya zile tatu ilikuwa jioni ya watoto kwenye ploti moja ya Kayole, likizo ya Agosti, mama mmoja akisherehekea mwanawe kutimiza miaka kumi. Filamu alileta mwenyewe kwenye flashi. Sikuwa mjinga kabisa, niliijaribu kwanza pale saiba. Ikacheza, sauti nzuri, nikaridhika. Usiku, watoto kama arobaini wamekaa kwenye mikeka, nikabonyeza rimoti: picha safi, sauti hakuna. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Nikachomoa spika nikachomeka tena. Nikachomeka simu kwenye ile spika, ikaimba. Kwa hiyo spika haikuwa na kosa.

Nilikuja kuelewa baadaye. Filamu si kitu kimoja, ni picha na sauti zilizofungwa pamoja kwenye mfuko, na kila moja imebanwa kwa mtindo wake. Sauti ya filamu ile ilikuwa imebanwa kwa mtindo wa Dolby, ule wa AC3, ambao kwa miaka mingi watengenezaji wa vifaa wamekuwa wakiulipia leseni. Projekta nyingi za bei ya chini hazina leseni hiyo, kwa hiyo zinaonyesha picha na kuiacha sauti. Kompyuta ya saiba ilicheza kwa sababu ilikuwa na VLC, programu ya kuchezea filamu, na VLC hubeba mitindo karibu yote tumboni mwake. Nilikuwa nimeijaribu VLC ya watu. Projekta yangu sikuwa nimeijaribu. Siku hizi filamu ikinifikia naipitisha kwenye HandBrake, programu ya bure, itoke MP4 yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC, mitindo ambayo projekta yangu inaielewa. Inachukua muda, nami naongeza hilo kwenye bei.

Lakini usiku ule sikujua lolote kati ya haya. Nilisimama jasho likinitoka. Kilichoniokoa ni mvulana wa miaka kumi na mbili hivi, aliyesimama kando ya ukuta akaanza kusimulia filamu kwa Sheng, kama wale wasimuliaji wa kwenye vibanda vya video. Jambazi mkuu akampa jina la keateka, mwangalizi wa ploti. Kila jambazi alipofungua kinywa, mvulana alimfanya adai kodi. Watoto walicheka hadi wakalala chini, na keateka mwenyewe, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, akacheka kidogo. Nililipwa zote. Nikampa yule mvulana soda.

Kazi ya pili ilipita salama, picha za harusi tu. Ya tatu ndiyo ambayo mpaka leo naulizwa.

Ilikuwa ya matanga. Mzee aliyewahi kufanya kazi reli miaka mingi alikuwa amefariki, na familia ikafanya ibada hapa Nairobi kabla ya kumpeleka nyumbani kumzika. Walitaka picha za maisha yake zipite ukutani binti yake akisoma wasifu. Mpwa wa marehemu, kijana makini, alikuwa amezipanga kwenye PowerPoint: picha 43, kuanzia ujana hadi mwisho, kila moja na mwaka wake. Nikamwambia ukweli kwamba projekta yangu haifungui PowerPoint kutoka kwenye flashi. Hiyo ni kawaida. Tundu la USB la projekta nyingi linajua picha, na likibahatika nyimbo na filamu. Dawa yake ni kuhifadhi kila ukurasa kama picha ya JPEG, na PowerPoint yenyewe inaweza kufanya hivyo kwa amri moja. Ina faida pia, maana herufi hazibadiliki na hakuna mstari unaorukia ukurasa wa pili. Tukaenda saiba, tukapata folda yenye picha 43, Slide1 hadi Slide43. Nikaifungua kwenye kompyuta, zikapita sawasawa, 1, 2, 3. Nilijiona fundi.

Sasa, mtu akihesabu anajua 2 inatangulia 10. Windows nayo inajua. Projekta yangu haikujua. Ilikuwa inapanga majina kama kamusi, herufi kwa herufi, na katika kamusi "10" hutangulia "2", kwa sababu inaanza na 1.

Binti akaanza kusoma. Picha ya kwanza ilikuwa sahihi: kijana mwembamba studioni, koti la kuazima, mkono kwenye stuli. Sekunde nane zikapita. Ya pili ikaja mtu mzima mwenye kitambi, Uhuru Park, watoto wanne wamemzunguka. Binti alikuwa anasoma kwamba babake alichunga mbuzi. Nikasema moyoni labda moja imeteleza. Zikaja kumi mfululizo za utu uzima, kisha ghafla harusi yake, yeye na suti iliyombana. Baada ya harusi, sherehe ya kustaafu. Baada ya kustaafu, amembeba kifungua mimba wake. Kisha fimbo, kitanda cha hospitali, wajukuu. Kisha yuko uwanjani na wenzake wa reli, kaptura juu ya magoti, anapiga mpira.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa ananitazama. Mpwa alikuwa ameshika kichwa. Nilifikiria kuzima, lakini kuwazimia watu giza katikati ya wasifu niliona ni kosa kubwa kuliko kuruka kwa picha. Nikaacha ziende. Zikafika zile nne za mwisho wake, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani, mlangoni pa nyumba. Ukumbi ukanyamaza. Ndipo, kwa kuwa baada ya 43 projekta ilikuwa imebakiza 5, 6, 7, 8 na 9, mzee akainuka. Yaani ndivyo ilivyoonekana. Akawa kijana wa miaka ishirini na kitu, akapiga picha na nduguze, akacheza dansi, akavaa kofia ya reli. Picha ya mwisho kabisa, ile namba 9, yuko juu ya baiskeli mbele ya nyumba za reli za Makongeni, mguu mmoja chini, anacheka hadi jino la pembeni linaonekana.

Mjane wake, nyanya mdogo wa umbo aliyekaa mbele na shali ya buluu, alisema kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia: "Mwaona? Alikataa kuzeeka huyu."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikucheka, maana niliona mwenyekiti akija. Alikata shilingi 500 kwenye malipo yangu, na kwa kweli alikuwa na haki. Tangu siku ile sipeleki picha kwenye flashi bila kuzipa namba zenye sifuri mbele: 01, 02, 03. Zikizidi mia, 001. Kazi ya dakika tano.

Miezi minne nilifanya kazi bila laptopu. Ningeweza kuazima, lakini niligundua sihitaji. Nilikuwa nafika na begi moja badala ya mawili, sina programu ya kusubiri ijisasishe bibi harusi akiwa mlangoni, na sina mweka hazina wa kunidai ukutani. Halafu kuna suala la flashi za watu. Katika mji huu flashi hupita saiba tatu kabla ya kunifikia, na kila saiba inaiachia zawadi. Zamani nilikuwa nazichomeka kwenye laptopu yangu na kukuta folda zote zimefichwa, zimebaki njia za mkato zinazozaa virusi zaidi. Virusi hivyo ni vya Windows. Projekta ya kawaida haina Windows, inatazama tu kama kuna picha, inaonyesha, basi. Za kisasa zenye Android ndani ni habari nyingine, hizo ni kompyuta zilizovaa taa, nazo nazichunga kama laptopu.

Usidhani kila tundu bapa ni la flashi. Hili lilinigharimu nilipoongeza projekta ya pili. Muuzaji mwingine, duka lingine, nikaona USB nikalipa bila kuwasha. Nyumbani flashi ikawaka taa, projekta ikakaa kimya. Juu ya tundu kulikuwa na neno moja dogo ambalo sikulijali, linalosema ni la huduma. Tundu la aina hiyo ni la fundi kuingizia programu mpya ya mashine, na pengine la kutoa umeme tu. Niliirudisha, tukavutana, nikaongeza pesa nikapewa ninayoitumia sasa, ambayo inasoma vizuri na hata inajua kwamba 2 hutangulia 10. Sasa nikienda Luthuli naenda na flashi yangu ndogo. Nimeweka humo picha moja, wimbo mmoja, filamu fupi ya MP4, na faili moja ya PowerPoint ili nione kama itakataa. Muuzaji asiyetaka kuwasha mashine nimchomekee, namtakia siku njema.

Tundu la umeme tu nalo si bure. Watu wengi siku hizi wana vile vijiti vya kuonyeshea filamu za intaneti, vinavyoingia kwenye HDMI lakini vinahitaji umeme wa USB. Ukikichomeka kwenye tundu la projekta lenyewe unaokoa soketi na adapta. Ila angalia nguvu. USB ya zamani hutoa volti 5 kwa nusu ampea, yaani wati 2.5, na vijiti vingi vinataka ampea nzima. Kikikosa chakula cha kutosha hujizima na kuwaka tena, mara nyingi filamu inaponoga. Nilihangaika na kimoja Buruburu jioni nzima nikilaumu intaneti ya mwenye nyumba, mpaka mtoto wake akakichomeka kwenye chaja ya simu ukutani kikatulia. Sikuwa na la kusema.

Lile tundu la mraba nimelitumia mara moja tu. Kebo ya HDMI ya mteja ilikuwa imekufa, nikachomoa waya wa printa ya ofisi yao, nikaunganisha laptopu yao na projekta, programu ndogo ikajiweka yenyewe, picha ikatokea. Ilikuwa inaburuta kidogo kwa video, lakini kwa kurasa za hesabu ilitosha. Si projekta zote zina ujanja huo.

Ambacho USB haikusaidii ni stima. Laptopu ina betri, projekta yangu haina. Stima ikipotea, taa inazimika ikiwa moto na feni inasimama papo hapo, jambo ambalo taa za aina ya zamani hazilipendi hata kidogo. Na ikirudi, laptopu inakumbuka ulipofika, lakini kichezaji cha ndani ya projekta yangu kinaanza mwanzo. Kwenye kesha moja tulitazama dakika ishirini za kwanza za filamu mara tatu. Mara ya tatu waumini walikuwa wanatangulia kusema maneno.

Nilinunua laptopu tena. Inakaa nyumbani, mezani, kama jiko: humo napika, nabadilisha sauti, natia namba, kisha naenda kazini na projekta na flashi mbili zinazofanana. Mbili, kwa sababu huwa nasahau moja kwenye tundu, au familia inaichomoa ikidhani ni yao. Ya matanga yale niliondoka nayo bila kujua. Nilipompigia mpwa alisema nikae nayo, watazichukua siku moja.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati alinipigia. Yule yule wa mia tano. Mzee anatimiza mwaka, wanafanya ukumbusho, na je, zile picha bado ninazo? Nikamwambia ninazo, na kwamba safari hii asiwe na wasiwasi, nimejifunza, zitatoka ujana hadi uzee bila kuruka hata moja.

Alikohoa. "Hapana, dada. Mama anazitaka vile zilivyotoka siku ile. Amalizie na ya baiskeli."

Projekta ya sasa ingezipanga sawasawa, yaani vibaya. Kwa hiyo jana usiku nilikaa na karatasi nikaandika mpangilio wote: 1, kisha 10 hadi 19, kisha 2, kisha 20 hadi 29, kisha 3, hivyo hivyo mpaka 9. Halafu nikazipa majina mapya moja moja, 01 hadi 43. Ya baiskeli ni 43. Zile shilingi 500 nimezirudisha kwenye bei.